Kutafuta Cheti cha Banzi

Mlali, Morogoro

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Na Mama Shija jirani, mmeshapatana au bado mnasemeshana kupitia watoto? Mimi mwili ni mzima. Huku mvua imenyesha mpaka nyanya zinaozea shambani, na mimi bibi shamba wao ndiye ninayelaumiwa, utadhani mawingu nayo yanaletwa na serikali. Hayo nimeyazoea. Ninalotaka kukwambia leo sijalizoea, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungesema "haya, haya, nimesikia," ukakata. Kaa chini usome mpaka mwisho, na kaka Masanja akiwepo, mwite akae karibu nawe.

Ni habari ya cheti cha baba. Unakumbuka watu wa ardhi pale Tabora walivyokwambia kwamba nyumba haiwezi kuandikwa jina lako kwa sababu kiwanja ni cha Anselmi Banzi, kwa hiyo aje mwenyewe au kiletwe cheti chake cha kifo, la sivyo kiwanja kitahesabiwa hakina mwenyewe. Ukanipigia ukasema: "Si wewe serikali imekupeleka kwenye milima yao? Mtafute. Akiwa hai aje asaini, aondoke zake. Akiwa amekufa lete karatasi." Sikushangaa. Tangu nikiwa mdogo, baba kwetu alikuwa mtu aliyepanda treni kwenda kwao kujiuguza, akapata mke wa Kiluguru, akatusahau. Wewe ulisema hivyo, na sisi watoto tukakua na hilo.

Nilianzia mjini, ofisi ya msajili wa vizazi na vifo. Dada wa pale alitafuta jina kwenye kompyuta, hakuna. Akaingia stoo kwenye majalada ya zamani, akatoka na vumbi mpaka kwenye kope, hakuna. Akaniambia, "Dada yangu, vifo vya milimani miaka ile watu walizika wakarudi shambani. Nani angeteremka mpaka huku kuja kuandikisha? Kalete barua ya mtendaji wa kijiji, na uje na mtu aliyekuwepo msibani. Tutaandikisha sasa." Nikamshukuru. Nikaona kazi imekwisha.

Jumamosi nikapanda Mgeta, kwao baba, kwa lori lililokuwa linakwenda kubeba kabichi. Mtendaji wa kijiji ni kijana mstaarabu kutoka Singida, bado mgeni pale. Nikamwambia nimefuata barua ya kifo cha mzee Banzi wa kule juu ya misheni. Akaweka kalamu mezani, akaniangalia.

"Mzee Banzi? Dada, mbona asubuhi hii nimempita anamwagilia karoti?"

Mama, nilikaa bila kukaribishwa. Kijana wa watu akaniletea maji, nikayashika tu mkononi. Baba yuko hai. Yuko hai, anamwagilia karoti, na wewe umeuza vitumbua mpaka macho yameharibiwa na moshi. Nikauliza njia, nikaondoka. Ile njia inapanda mpaka unashika magoti kwa mikono, na mimi nilipanda huku napanga matusi. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, kuanzia la kwanza mpaka la mwisho.

Nikamkuta bibi mmoja mwembamba uani anamenya njegere. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kumwona Banzi. Akageuka akaita kuelekea bondeni: "Kaka! Una mgeni!"

Aliyetoka kwenye karoti, mama, ni mtu wa rika langu. Ana tope mpaka magotini, kofia ya kizee kichwani, na fimbo ambayo kwa miguu ile haihitaji. Nikamwambia samahani, namtafuta Anselmi Banzi, mimi ni Kabula, binti yake, natoka Tabora. Akavua kofia polepole.

"Basi umefika," akasema. "Banzi ndiye mimi. Mbona huniamkii baba yako?"

Nilidhani ananicheza shere. Nikamgeukia yule bibi ili amkemee, nikamkuta ameacha njegere, analia bila sauti. Akaniambia, "Mwamkie kwanza, mwanangu, halafu nikueleze." Nikasema shikamoo, kwa sauti ambayo wewe ungenichapa kwayo. Yule kijana akaitikia marahaba bila hata kutabasamu.

Yule bibi ni Shangazi Theresia, dada yake baba, tumbo moja. Na yule "kaka" aliyemwita ni mwanawe wa kumzaa, Deusi. Huku kwao mtu akifa jina lake haliachwi chini. Msiba ukiisha, wazee wa lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, wanakaa na kumvisha jina hilo mpwa wa marehemu. Tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Watoto wa marehemu ni watoto wake, deni la marehemu ni deni lake, na mama yake mzazi anamwita kaka. Deusi walimvisha akiwa bado mdogo kabisa, akalikulia. Kijiji kizima kinamwita mzee Banzi, na mtendaji wetu mgeni atajuaje?

Ndipo nikaelewa kwamba kama kuna mwenye kulivaa jina, basi mwenyewe hayupo. Nikauliza alikufa lini. Shangazi akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, penye migomba. Kaburi lina mawe meupe yaliyopangwa, na limepaliwa.

"Alifika hapa na homa," akasema. "Alikuja kabla ya vuli. Mvua zenyewe hakuziona."

Mama, rudia hapo. Hakuziona mvua za mwaka ule ule alioondoka kwetu. Hakukuwa na mke wa Kiluguru. Hakukuwa na watoto wengine. Hakuwa na nafasi hata ya kukuandikia. Miaka yote hiyo wewe ukiteta naye jikoni, yeye alikuwa chini ya migomba ile.

Nikapandwa na hasira upya, safari hii kwa Shangazi. Nikamuuliza ilikuwaje wakazika mume wa mtu, baba wa watoto, bila kutupa habari. Akaniachia mkono. Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekosa adabu.

"Tuliwapa habari. Tulimtuma mtani wa ukoo wetu, Mluguru mwenzetu. Msiba si hupelekwa na mtani? Walimzika wao, na mmoja wao tukamkatia tiketi ya treni mpaka Tabora. Akarudi akasema mjane amemfukuza kwa ufagio."

Mama, ufagio huo ni wako. Unaijua hadithi hiyo. Sisi sote tunaijua, kila Krismasi unaisimulia, na Mama Shija anacheka mpaka anashika mbavu. Jinsi lilivyoingia uani Luguru moja refu, bila hodi, likasema, "Mnyamwezi, mumeo tumeshamtia shimoni, lete jogoo wangu." Jinsi ulivyomwambia, "Huo utani wa njaa kaufanye kwenu, Anselmi akifa kweli atakuja kuniaga mwenyewe." Jinsi alivyokazana, "Kweli shemeji, tumemzika," na wewe ukachukua ufagio, naye akakimbia na kandambili moja. Mimi hata chuoni niliwasimulia wenzangu. Walicheka sana.

Sikulaumu, mama. Nataka ulisome hili mara mbili. Waluguru ni watani wetu, na mtani kwetu hajawahi kuingia bila kumuua mtu kwa mdomo ili apewe kuku. Hata baba mwenyewe, uliniambia, siku ya kuja kukuposa alitangaza kwamba babu amekufa, na babu ameketi palepale. Ungejuaje? Na yule mtu naye alifanya kama alivyofunzwa, kwamba kwenye msiba mtani halii. Nimemwambia Shangazi hivyo hivyo. Akasema, "Na sisi tukakaa tunamsema mjane asiyekuja hata kutupa udongo." Akarudi kwenye njegere zake, nami nikakaa chini nikamsaidia kumenya, kwa sababu sikujua la kufanya na mikono.

Ikabaki kazi ya barua. Mtendaji alikuwa tayari kuandika, ila alitaka mtu wa nyumba ile asimame mbele yake aseme Banzi amekufa. Shangazi akakataa kabisa. Jina lililoinuliwa halizikwi tena, na mtu akijitolea ushahidi wa kifo chake mwenyewe anakiita. Wazee wawili wa lukolo walioitwa wakasema vivyo hivyo. Nikaiona nyumba yako inakwenda, mama, na mimi pale ni mgeni, tena mwenye kilio kibichi.

Deusi alikuwa amekaa kizingitini muda wote, anakwangua tope kwenye jembe. Akauliza, "Kwa hiyo mjane hajaambiwa mpaka leo?"

Nikamwambia hajaambiwa.

"Basi mimi sijamaliza kurithi," akasema. Akainuka, akavaa kofia. Hakuna aliyemzuia.

Mtendaji akaandika barua, na Jumatatu mimi na Deusi tukateremka mpaka mjini. Dada wa ofisini akaanza kujaza. Jina la marehemu, Anselmi Banzi. Jina la mtoa taarifa, Deusi Banzi. Kisha akauliza uhusiano wake na marehemu. Deusi akavua kofia. Akaniangalia mimi, ambaye kwa siku mbili nilikuwa nimeshaanza kumwamkia bila kulazimishwa.

"Mpwa," akasema. "Andika mpwa. Yeye alikuwa mjomba wangu, na amekufa."

Akatoka nje kabla ya kuambiwa amemaliza. Nikamkuta kwenye ngazi ameshika kofia mikononi, macho mekundu. Nikamwambia pole, baba. Lilinitoka lenyewe.

Cheti kitakuwa tayari mwisho wa mwezi. Nyumba ni yako, usiwe na wasiwasi tena na watu wa ardhi. Lakini nakujua, karatasi hutaitazama sana. Kuna mwaka utakuwa umeandikwa pale, na wewe utaukumbuka ulivyokuwa. Ukitaka kulia, lia. Tandika mkeka sebuleni, waite majirani, kaa tanga la mumeo kama lilivyopaswa kukaliwa. Hakukutupa, mama. Nami bado nashindwa kuamini kwamba ni mimi ninayekuandikia maneno hayo.

Nisalimie kaka Masanja, mwambie azibe lile bati linalovuja kabla wageni hawajafika. Nisalimie mama mdogo pale sokoni, na wajukuu zako wote. Mama Shija pia, na umwambie yeye mwenyewe habari hii, msisemeshane kupitia watoto. Shangazi Theresia anakuita wifi na anaomba msamaha. Nimemjibu kwamba na wewe utaomba.

Cheti hakitakuja kwa posta. Deusi amesema atakileta kwa mkono wake, kwa treni, kwa sababu habari ya msiba lazima ipelekwe na mtu. Ni Mluguru mrefu, na hodi zao unazijua, huenda akaingia bila kubisha. Atakuwa na jogoo wake mwenyewe kwapani, ili asikudai yule ambaye mtani hakupewa. Ukimwona, mama, usishike ufagio. Atakuja kukuaga.

Mwanao,
Kabula binti Banzi