Picha ya Kifua cha Kahaso

Mishomoroni, Kisauni,
Mombasa.
9 Juni 2024

Mpendwa wangu Mama Mdogo Nyamvula,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Kila nikishika kalamu Kai huamka, naye akilala mimi huwa nimemtangulia. Leo sina zamu. Barua hii utapewa na Josephine, jirani yetu anayerudi kazini huko Doha. Haya sikutaka kuyasema kwa simu nawe uko jikoni kwa watu.

U hali gani? Mgongo umepoa? Nasikia joto la huko limeshaanza ukali wake. Sisi tu wazima kiasi. Mama hajambo. Kai ameota meno mawili, anang'ata kila kitu, hata kitambulisho changu cha kazi.

Mimi bado napiga picha pale hospitali ya serikali. Eksirei ikiwa nzima, foleni inafika nje. Ikiharibika, matusi yote ni yangu. Juzi bibi mmoja wa Junda aligoma kuvua mkufu. "Mwanangu, huu haujatoka shingoni tangu niolewe. Piga hivyo hivyo." Nikamwambia, "Haya bibi, lakini daktari atatibu mkufu." Akacheka mpaka akakohoa, akauvua.

Sasa nije kwa mdogo wangu Kahaso, maana najua ndilo uliloninunia. Kliniki ya wakala wa kumleta kazini huko kwenu ilipomkataa kwa sababu ya kivuli juu ya pafu la kulia, mimi hata sikushtuka. Siku ile alikuwa na rasta nzito zimemwangukia mabegani, na nywele za kusuka hutoa kivuli kwenye picha, nimeona mara nyingi. Daktari wetu akamwandikia, nikamfunga zile rasta utosini, nikampiga picha mwenyewe. Picha ilipotokea kwenye kompyuta nilitafuta kiti. Kivuli kilikuwa palepale.

Hapo ndipo uliponipigia. "Winfred, simama wewe mbele ya mashine, andika jina lake. Kifua ni kifua!" Nikakukatia simu. Kwa kukata naomba radhi. Kwa jibu, siombi. Sitafanya, hata ungenipigia leo tena. Naogopa kufukuzwa, ndiyo, lakini si hilo tu. Ningempeleka akakohoe chumba kimoja na watoto wa watu, na siku akianguka ungekuwa wewe peke yako wa kutafuta njia ya kumrudisha.

Makohozi yalipimwa, ikawa ni TB. Dawa ni za miezi sita. Wiki za kwanza tulimpa chumba cha mbele, dirisha wazi mchana na usiku. Kai naye yuko kwenye dawa ya kinga, kwa sababu alikuwa akilala na Kahaso, mama yake mdogo, kitanda kimoja. Hilo limeninyima usingizi kuliko zamu zote.

Ashukuriwe Mungu, kikohozi kimelegea na Kahaso anakula mpaka tunaficha sufuria. Lakini wiki iliyopita alifunga mdomo, hataki dawa. "Nimeze za nini, na Mama Mdogo ameshampa mtu mwingine nafasi yangu?" Nikasimama mbele yake na kikombe cha maji mpaka akameza. Nikiwa nyumbani nitasimama kila asubuhi. Nikiwa zamu, sijui. Akiacha katikati, ugonjwa utarudi na nguvu ambazo dawa hizi haziziwezi.

Mama anakusalimu sana, na Ruwa, baba Kai, yuko bandarini lakini ameniagiza nisisahau salamu zake. Mungu akulinde ugenini, aupe mgongo wako nafuu.

Ninavyohitaji bado ni hivi. Mwambie wakala airudishe pasipoti ya Kahaso kwetu. Ukipata mtu wa kumpa mzigo, maziwa ya unga makopo mawili, ya Kahaso, si ya Kai. Magauni ya pamba manne, mapana, yasiyo na zipu wala vifungo, ya kuwavalisha wanawake ninaowapiga picha; ya hospitali yameraruka. Na sauti yako. Irekodi kwa simu, usiitume kwangu, mtumie Kahaso mwenyewe. Mwambie hukumkasirikia, na kwamba akimaliza dawa utamtafutia tena. Kama hutamtafutia, usimdanganye. Mwambie tu ameze.

Mwanao akupendaye hata ukininunia,
Winfred