Kaka, Ruhusa Si Uhuru

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa mama alitulea hivyo, ila leo sina utulivu wa kukuuliza habari za Dodoma, vumbi lake wala baridi yake. Rafiki yako Selemani ameniletea maneno yako mawili. La kwanza, umeomba ruhusa ya kuja kwenye arobaini ya mama na bado hujajibiwa. La pili, eti niwapange kina mama wa ngoma yetu ya lelemama, tuvae sare, tupigwe picha tukicheka, tutiwe kwenye gazeti la ofisi yenu ya serikali. Kaka, una akili timamu wewe?

Barua hii nimewasomea wenzangu wote wa ngoma kabla ya kuipeleka posta, usije ukasema nimekusengenya.

Unakumbuka tulipokuwa wadogo, baba yuko kazini karakana ya reli Gerezani, na sisi tunamzonga mama atuachie twende Jangwani kucheza? Mama hakuwa akisema tu "nendeni". Alikuwa akisema, "Nimewapa ruhusa. Magharibi mnirudishie." Na kweli, tukirudi na matope hadi magotini, wewe ulikuwa unamnyooshea kiganja kitupu: "Mama, ruhusa yako hii hapa." Naye anaichukua, anaifunga kwenye pindo la kanga yake. Tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini. Sikujua kwamba ukubwani mchezo ule ungekuwa ndio kazi yako.

Maana siku ile gari lenu la vipaza sauti liliposimama sokoni Kariakoo, mimi nilikuwa pale nanunua nazi. Niliposikia sauti yako nilijivuna, nikamwambia muuza nazi, "Huyo kaka yangu, tumbo moja." Yule Mzungu mkubwa wako akasema ya kwake kwa Kiingereza, nawe ukatufasiria: Serikali imewapa ruhusa ya kukutana. Imewapa ruhusa ya kusema. Ruhusa, ruhusa, ruhusa! Neno uhuru, ambalo hata watoto wa Msimbazi wanaliimba wakiteka maji, halikukutoka mdomoni. Muuza nazi akapaza sauti, "Kwani tumekuombeni saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, nami nikajivuta ndani ya buibui langu.

Jioni ulipokuja nyumbani nilikuuliza. Ukanijibu, "Wakubwa wanaona uhuru ni neno kali. Kazi yetu ni uhusiano mwema na watu, Mwanaidi." Mama, hoi kitandani, akadakia: "Haya, na hiyo ruhusa yenu, magharibi tumrudishie nani?" Ulinuna, ukaondoka bila kumaliza chai.

Kisha wakakuhamishia Dodoma. Mama akafa, tukakupigia simu ya maandishi siku hiyo hiyo. Ulifika tumekwishazika, hata mikeka ya msiba imekunjwa. Ukasimama mlangoni na kofia yako mkononi, ukasema, "Bwana hakunipa ruhusa." Kaka, ulijisikia? Mimi nilikusikia. Nilikuacha na wageni nikaenda jikoni, nikalia kwa hasira, zaidi ya nilivyomlilia mama.

Siasa mimi sikuisomea, na Kiingereza chako sina. Ninaloamini ni hili: ruhusa ina mwenyewe, na mwenyewe akiamka vibaya anaichukua. Uhuru haumo mfukoni mwa mtu. Na serikali inayotaka kupendwa na watu iwasikilize, isiwatume watoto wao kuja kuwaambia kwamba wanaipenda. Uhusiano mwema gani huo, wa mmoja kusema kwa kipaza sauti na wengine kutakiwa kucheka mbele ya kamera? Unanichosha, wallahi. Unanichosha kwa sababu nakupenda, na kwa sababu najua unayajua haya yote. Mtu aliyekuwa akirudisha ruhusa kwa kiganja kitupu hawezi kuwa hajui kwamba ni kitupu.

Picha hatupigwi. Bi Tatu, mkubwa wetu katika ngoma, amesema nikuambie tutacheka siku tutakapochekeshwa.

Arobaini ni Alhamisi. Usimngoje Bwana wako akujibu, panda treni uje. Najua wanaweza kukufukuza, na sitajifanya kuwa hilo ni jambo dogo. Lakini mama hatakuwa na arobaini nyingine, na ukiikosa hii pia, mimi sitajua tena nikutetee vipi mbele ya watu, wala mbele ya nafsi yangu.

Chumba chako nimekifagia. Kanga ya mama ninayo mimi, na lile pindo nimelifungua. Ukifika piga hodi, hiyo ni adabu. Ruhusa usiniombe. Hapa ni kwenu.

Nakungoja, kwa hasira na kwa mapenzi,

Mdogo wako wa tumbo moja,
Mwanaidi