Skola Anaimbisha Mchakamchaka

Jumanne, Julai. Ukungu mzito asubuhi, jua baadaye. Mimi mtu wa Tanga, baridi ya Mbinga sitaizoea hata nikistaafia hapa. Lakini leo, shajara, nimecheka mpaka mashavu yanauma.

Skola yuko darasa langu la nne. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu, na baridi au uchovu ukizidi, maumivu ya viungo humwanza. Nimemruhusu kuweka chupa ya maji mezani na kwenda chooni bila kuomba. Matokeo yake darasa zima sasa lina chupa, na chooni kuna foleni. Watoto hawa!

Hilo nililimudu. Mchakamchaka ndio ulionishinda. Wenzake wakikimbia na kuimba alfajiri, yeye nilikuwa namkalisha ofisini na walimu, karibu na jiko la mkaa. Alichukia kweli. Mwezi uliopita akatoroka, akakimbia nao kwenye ukungu, jioni akalazwa hospitali.

Baba yake ni mkulima wa kahawa, maneno yake machache. Wiki iliyopita alinijia. "Mwalimu, mimi nataka mtoto mzima. Shule basi."

Nililia njia nzima kurudi nyumbani.

Jana nikawaambia wanafunzi kwamba Skola harudi, na kwamba miguu yake haiwezi mchakamchaka. Tumaini, rafiki yake, akanyoosha mkono.

"Kwani Skola anaumwa sauti?"

Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Alikuna kichwa, akakubali kwamba tuanze kukimbia jua likishatoka.

Leo baba akaja na Skola kurudisha vitabu vya shule. Watoto walikuwa wameshajipanga uwanjani. Walipowaona tu, wakapiga kelele: "Skola! Tuimbishe!"

Skola akamtazama baba yake. Nami sikungoja jibu. Nikamvika shali langu juu ya masweta yake mawili, nikamsimamisha kwenye ngazi ya mlingoti wa bendera, penye jua. Wenzake wakaanza kukimbia wakimzunguka, yeye akiita, wao wakiitikia.

"Mchakamchaka!"

"Chinja!"

Sauti ile tulikuwa tumeifungia ofisini siku zote hizo! Akawabadilishia nyimbo, akachapua mwendo, hadi wavulana wakubwa wa darasa la saba wakaomba poo. Yeye anacheka, kasimama palepale.

Aliporudia "Mchakamchaka!" nikasikia "Chinja!" nzito nyuma yangu. Nikageuka. Ni Baba Skola, vitabu kwapani, anatazama mbele kana kwamba si yeye.

Kengele ilipolia, aliingia darasani, akaviweka vitabu kwenye dawati la binti yake. Akaniaga vizuri, akafika mlangoni, akasimama.

"Mwalimu, kesho mnaanza saa ngapi?"

"Jua likitoka, baba."

Haya, jua la Mbinga. Kesho nakuomba usichelewe.