Bwana Harusi Asiye na Mtoto

12 Februari

Mwanangu kipenzi,

Hujambo? Mumeo hajambo? Sisi wazima, ila mgongo unanisumbua. Kuna jambo hapa kazini, shamba la wanyamapori. Yule kulungu chotara niliyemlea kwa chupa, Bwana Harusi, baba yake aina moja na mama aina nyingine, huu msimu wa tatu anawakimbiza majike na mtoto hakuna. Bosi anataka achinjwe. Daktari wa mifugo amechukua sampuli ya korodani, nakutumia uichungulie kwenye hadubini yako ya maabara.

Na wewe je, mjukuu lini? Miaka sita ya ndoa! Mama yako ananikataza kuuliza, lakini mdomo wangu hauna breki.

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole na mgongo. Nimeiangalia sampuli ya Bwana Harusi. Mbegu ikitengenezwa, kromosomu, zile nyuzi za urithi, hujipanga mbilimbili, ya baba na ya mama, ndipo zigawane. Zake hazilingani idadi. Zinatafutana weee, hazipatani, kazi inakwama. Hana kosa, bosi amwache ale majani yake.

Baba, mimba zangu nne zimeharibika. Nimepimwa: kromosomu zangu mbili zimegandana, na zikigawana hukosea. Si kila mara, ndiyo maana sijakata tamaa. Nimerithi kwako au kwa Mama. Mama alipoteza watatu kabla yangu, dada zako wakamwita mla watoto, nawe ukanyamaza. Naomba ukapime.

Mwanao

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Karibu miezi miwili, kimya. Kama nimekukosea adabu, nisamehe, lakini nijibu.

Mwanao

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hujanikosea. Pole sana, mama, kwa hao wanne, na kwa maswali yangu ya kipuuzi. Bwana Harusi amebaki, bosi ameelewa.

Nilipima. Majibu yalikaa mfukoni wiki tatu, niliona aibu. Ni mimi. Jumapili niliwaita dada zangu, nikawasomea karatasi mama yako akiwepo. Walitazama chini. Nikamwomba msamaha, nikalia na mvi zangu hizi.

Mama yako alisema hivi tu: “Miaka thelathini na tano nilikuwa najiuliza niliwafanya nini wanangu.” Kisha akaingia chumbani.

Anakula, anaitikia salamu. Kunisamehe bado. Njoo ukae naye, anakuulizia wewe tu.

Baba yako