Baridi ya Kushuka Nayo Soin

Jumatatu, 11 Februari 1974

Nimefagia gereji. Nimeosha spana kwa mafuta taa. Nimetukanwa mara mbili kabla ya saa nne. Kawaida.

Halafu akaja Mzee Arap Sitonik, mwenye duka la mbolea hapa Kapsoit, na ile gari yake ya Kimarekani. Nyeusi, ndefu kama kanisa lenye magurudumu. Aliinunua kwa meneja mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ndani ina mashine ya kutoa upepo baridi. Ilikufa zamani, na hakuna aliyelia, maana hapa Kapsoit nani anatafuta baridi? Asubuhi tunavaa makoti mawili. Lakini Jumamosi ya tarehe 23 binti yake anaolewa Soin, kule chini kwenye joto na vumbi. Mzee anataka kufika vioo vimepandishwa juu, bila tone la jasho. Wakwe waone.

Fundi Njoroge, mwenye gereji, alifungua boneti. Akatazama kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya baridi. Akafunga boneti. Hiyo ni ya kuagizwa ng'ambo, akasema, miezi minne ikiwa kwenye meli. Nairobi walisema hivyo hivyo.

Nikasema nitaitengeneza mimi.

Mdomo tu. Ulitoka wenyewe.

Njoroge alicheka mpaka akashika ukuta. "Wee Zablon! Uliacha shule darasa la sita. Hiyo kitu utaitengeneza na nini, na maombi?" Nikamwambia darasa la saba walikuwa hawafundishi kompresa, kwa hivyo sikukosa kitu.

Akakasirika. Akasema mbele ya watu wote: ukiiweza, upande wa kushoto wa gereji ni wako, na wewe ni fundi. Ikikushinda, usirudi hapa. Arap Sitonik ni shahidi.

Nyumbani Baba amesikia kabla sijafika. Amesema vizuri, ataongea na nyapara wa shamba aniwekee nafasi ya kuchuma chai kuanzia Jumatatu ya tarehe 25. Mama anachuma, mjomba anachuma. Tulitoka Nyamira kuja kuchuma.

Basi ni kompresa au kikapu. Kikapu sibebi. Nina miaka kumi na tisa na mgongo wangu nimeuzoea ulivyonyooka.

Jumanne, 12 Februari

Nimeitoa. Bolti moja ilikatika, nikaichimba na drili ya mkono. Ndani kuna pistoni mbili ndogo. Nilicheka. Ni injini ya pikipiki isiyokunywa petroli!

Vitu vitatu vimekufa. Vali, vibati vyembamba kama wembe, vimepasuka. Beringi inalia. Na sili ya shafti, pete nyeusi inayozuia gesi isitoroke, ina mikwaruzo kama uso wa mlevi. Gesi yote ilitokea hapo.

Njoroge amepita kwangu mara sita akitafuta spana namba kumi na tatu. Ilikuwa mfukoni mwake.

Alhamisi, 14 Februari

Nimeenda kwa Kibet. Huyu ndiye anaangalia mashine za kupoza maziwa pale wafugaji wanapopeleka. Nyuma ya choo chao kuna mashine moja kuukuu imetupwa, kuku wanalala ndani. Nilifukuza kuku, nikaifungua. Ndugu ya ile yangu! Beringi yake imeingia kama ilizaliwa humo. Vali zake ni kubwa kidogo, nimezisaga kwenye jiwe la kunoa mpaka vidole vikakataa.

Kibet amenifundisha jambo moja. Adui ni maji. Tone moja likibaki ndani ya mabomba linaganda, njia inafunga, kwisha. Kila kitu lazima kikaushwe kabisa kabla ya kufungwa. Kukaushwa, hapa, ambapo mvua inakuja kila saa nane na suruali yangu ya kanisa haijakauka tangu Jumapili.

"Weri, unaongea sana," aliniambia, yaani kijana kwa lugha yao. "Mashine haisikii."

Nikamjibu yangu inasikia, ndiyo maana inaogopa.

Jumamosi, 16 Februari

Sili. Nimelaza kipande cha kioo cha dirisha juu ya meza, nikapaka dawa ya kusagia vali, nikawa nazungusha ile pete juu yake. Nachora namba nane, namba nane, namba nane. Toka saa mbili mpaka saa tisa. Mwisho nikatumia dawa ya kung'arisha shaba. Sasa inang'aa, nimejiona meno. Meno mazuri.

Njoroge aliichukua, akaigeuza geuza, akairudisha. Hakutukana. Kwa Njoroge hiyo ni hotuba.

Na nimepata akili ya kukausha. Nani hapa anakausha vitu kila siku ya Mungu? Kiwanda cha chai! Na nani anasimamia ile draya, lile joko kubwa linalopokea majani mabichi na kuyatoa makavu ya kuvunjika? Baba yangu mzazi. Nairobi hawana akili kama hii. Nimejipongeza peke yangu kwa kuwa wengine walikuwa wameenda chakula.

Jumapili, 17 Februari

Kanisani sikusikia neno. Baada ya hapo nikamwomba Baba. Alikataa. Nikaomba tena. Alikataa akiwa ameniangalia, nikajua amelainika. Akaenda mwenyewe kwa msimamizi wake. Ruhusa imepatikana: kesho mchana, majani ya mwisho yakishatoka, kabla moto haujazima.

"Na ikikushinda?" Baba aliuliza njiani.

Haitanishinda.

"Nimeuliza ikikushinda."

Nikaongeza mwendo. Nilichukia lile swali.

Jumatatu, 18 Februari

Kompresa ikiwa wazi, mabomba yote, na ile chupa ya gari yenye punje za kunyonya unyevu. Tumevipanga juu ya trei za draya. Midomo ya mabomba niliielekeza kwenye upepo moto upite katikati mpaka ng'ambo. Kwa muda wa saa nne. Vimetoka vya moto, vikavu, huwezi kushika. Nilijisifu sana. Akina mama wanaopepeta chai walinirushia vikonyo, nikawaambia wahifadhi, siku moja watasema walinirushia.

Jumatano, 20 Februari

Siku mbaya.

Nilifunga kila kitu. Kibet alikuja na pampu ya friji mbovu, tukanyonya hewa yote, tukatia gesi. Watu walijaa. Arap Sitonik alikuja na kofia. Nikawasha.

Kompresa ilizunguka kimya, laini. Upepo ukatoka. Wa kawaida. Ule ule tunaoupata bure tukifungua dirisha. Bomba moja likafanya barafu kidogo mahali pamoja, halafu hakuna tena.

Watu walicheka. Hao sijali. Arap Sitonik hakucheka, alitazama saa yake. Hiyo iliniuma.

Tukaachilia gesi itoke. Kibet amebaki na chupa moja ya gesi, na hiyo ni ya mashine ya maziwa. Mashine yao inavuja, kila mwezi lazima aiongeze. Amesema nisiombe. Njoroge amesema kikapu ni chepesi kuliko kompresa, nitaona.

Nimekasirika. Na kompresa, na Njoroge, na mimi. Sikulia. Ilikuwa vumbi.

Alhamisi, 21 Februari

Nimefungua bomba moja moja tangu alfajiri. Kabla gesi haijageuka baridi inapita kwenye tundu dogo, na mbele ya hilo tundu kuna kichujio cha waya. Kichujio kilikuwa kimezibwa na donge la kahawia, laini, kama pamba chafu. Nikalinusa.

Chai.

Ni yale manyoya ya majani yanayoruka kiwandani. Niliacha midomo ya mabomba wazi, upepo wa draya ukayajaza. Mimi, mtoto wa mtu wa draya! Kila jioni naona Baba amerudi na hayo manyoya kwenye nyusi kama mzee wa miaka mia, na bado nikasahau. Sina wa kumlaumu. Nimemtafuta, hayupo.

Sikuficha. Nilisema mwenyewe gereji nzima wasikie. Kufika saa sita Kapsoit yote inajua. "Zablon, gari imeiva? Tulete maziwa?" Mama wa hoteli ametuma kikombe na sukari vijiko viwili. Nilikunywa pale pale, wote wakiangalia, nikasema ongeza.

Mchana nimeosha mabomba kwa petroli. Nimefunga kila mdomo kwa kitambaa cheupe mara mbili, upepo upite, manyoya yabaki nje. Nikarudi kiwandani. Msimamizi alitaka kukataa. Baba alivua kofia, akasimama tu mbele yake. Sijawahi kumwona hivyo. Nikatazama pembeni.

Tumekausha tena. Njiani Baba ameniambia nyapara ameshaandika jina langu. Hakusema kwa ubaya. Nikamwambia kalamu ni ya nyapara, miguu ni yangu.

Bado gesi.

Ijumaa, 22 Februari

Nilimvizia Kibet mlangoni kwake asubuhi, kabla ya ng'ombe kukamuliwa. Nikamwambia: gesi yako inavuja kwenye sili. Nipe hiyo mashine, nikupe sili kama kioo. Ikiacha kuvuja, hutahitaji chupa nzima. Nipe nusu.

Alifikiria sana. Akaniambia maziwa ya asubuhi yanaanza kufika saa tatu. Yakikuta mashine haifanyi kazi, wafugaji watamchinja yeye kwanza, mimi wa pili.

Kioo, dawa, namba nane. Saa tatu kasoro robo tuliwasha, tukapaka povu la sabuni kwenye shafti. Tukainama wawili kama watu wanasali. Hakuna hata povu moja lililofura. Mkokoteni wa kwanza wa maziwa ukaingia.

"Chukua nusu yako," alisema. "Na ukiimwaga hii pia, weri, usipite hata barabara hii."

Saa tisa gari ilikuwa tayari. Nikawasha. Mvua ilikuwa inanyesha, ukungu umeshuka, sisi wote tumejikunja. Upepo ukatoka baridi. Njoroge akaweka mkono pale, akautoa.

"Hii ni baridi ya Kapsoit," akasema. "Imeingia tu kujikinga mvua."

Kibet akaweka kipimajoto chake cha maziwa. Kikashuka, kikashuka. Njoroge akasema hicho kimezoea maziwa, hakijui magari. Kesho anakuja mwenyewe mpaka Soin. Aone kwa macho.

Aje!

Jumamosi, 23 Februari

Arap Sitonik ameendesha. Mimi mbele, niangalie mashine. Nyuma Njoroge na Kogo, mama mzazi wa Mzee, bibi mkubwa kabisa, ndani ya shuka. Vioo vyote juu.

Mpaka tunaacha mashamba ya chai sikupumua. Barabara ikaanza kushuka. Miti ikapungua, udongo ukabadilika, nje watoto walikuwa wanatembea bila mashati. Nikagusa kioo. Cha moto. Nikaweka mkono kwenye upepo. Baridi. Tukashuka zaidi, jua likawa jeupe, mbuzi wamejibana kwenye kivuli cha duka, na ndani bado baridi. Nikageuka kumwangalia Njoroge. Alikuwa amefunga kifungo cha juu cha koti.

Nikageukia barabara. Nilitaka kifungo kile kimkae vizuri.

Kogo ndiye aliyesema. "Zimeni hiyo! Mnataka nife kabla mtoto hajaolewa?"

Mzee akamwambia, vumilia, Mama, tumekaribia.

"Nimezaliwa Soin hii! Joto lake ni langu, fungua dirisha!"

Mzee hakufungua. Njoroge, yule Njoroge, akavua koti lake akamfunika bibi. Halafu akaanza kukunja mikono kwapani. Nilicheka kimoyomoyo mpaka tumbo likauma.

Tulifika kanisani. Wakwe wamepanga mstari, masuti yamelowa migongoni. Arap Sitonik akashuka mkavu kabisa, shati limenyooka kama limetoka kwenye pasi. Hakutoa leso. Alisimama kidogo, makusudi, waone hana haja nayo. Ibada ilipoisha vijana wa upande wa bwana harusi walikuwa wanapokezana kuingiza vichwa ndani ya gari. Mmoja alikataa kutoa chake.

Niliwaeleza kila kitu. Manyoya ya chai pia. Walipenda hapo.

Tukarudi mpaka Kapsoit. Njoroge alipokuwa anashuka aliniuliza nitaanza Jumatatu saa ngapi. Anajifanya hajui. Mimi ndiye ninayefungua.

Nikamwambia nitakuja nikimaliza shughuli.

Jumatatu, 25 Februari

Asubuhi nilipanda shambani. Sikutaka Baba anisemee. Nyapara alikuwa na karatasi yake, watu wamejipanga na vikapu mgongoni. Aliita majina. Aliita langu. Nikasema nipo, lakini siji.

Aliniangalia. Akatafuta mstari wangu kwa kidole, akaukata, akaita mwingine nyuma yangu. Kijana mdogo kuliko mimi. Alisema ndiyo upesi sana.

Nilikaa kidogo. Ukungu ulikuwa bado kwenye majani. Mama alikuwa mstari wa tatu, majani yanamfika kiunoni, amevaa ile nailoni ya kuzuia umande. Mikono ilikuwa kazini, akanisalimia kwa kidevu. Nami nikamsalimia hivyo hivyo.

Halafu nikateremka. Nimefika gereji saa mbili na nusu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nimechelewa. Nikaingia upande wa kushoto.