Nyangeta Amebaki Butiama

Jumapili. Mawingu yamekaa juu ya ziwa tangu alfajiri, mvua inanyemelea tu hainyeshi, na mimi nimeamka na kichwa kizito kama mtu aliyelia usingizini. Labda nililia kweli. Hakuna wa kuniambia.

Mchana ukoko wa ugali umebaki kwenye sufuria. Nyangeta, binti yangu, hauachagi ule. Huwa anaugombania na baba yake mpaka nawafokea wote wawili kama watoto. Leo nimeumwagia maji ulainike, nikatoka nje kukaa.

Wiki sasa mwanangu hayupo, na hajafa, hajapotea. Nimemwacha mwenyewe kwa miguu yangu.

Niandike tangu mwanzo, maana nikiendelea kukaa nayo kifuani itanipasua.

Baba Nyangeta alipunguzwa pale kiwanda cha nguo. Walipunguzwa wengi. Walisema mambo yamebadilika, watu siku hizi wanavaa mitumba. Ni kweli, hata mimi navaa. Miaka ile ya foleni tulikuwa na hela, sabuni hakuna. Sasa kila kitu ruksa, sabuni imejaa mpaka vibandani, hela ndiyo hakuna. Basi nikaanza biashara. Nachukua dagaa mwaloni Mwigobero kukiwa bado giza, nawapeleka Bunda, nauza pale Kabasa nyumba kwa nyumba mpaka waishe, narudi nyumbani Kigera jua linazama.

Mwanzoni mume wangu alikaa tu kwenye kiti nje, redio sikioni. Nikirudi ndiyo nianze kuwasha moto, watoto wanalia njaa, na mimi miguu inawaka. Siku moja nimerudi nimekuta watoto wameogeshwa na ugali umefunikwa. Nilinawa nikala. Kesho yake tena. Hatukuwahi kukaa chini tukagawana kazi, zilijigawa zenyewe. Yeye maji, uji, kumpeleka Nyangeta shule, kumbeba mdogo wake Masatu mgongoni kwa kanga yangu. Mimi biashara, na kufua Jumamosi.

Na anapika, jamani. Dagaa wake wananishinda. Kilichomshinda ni nywele tu. Kuna siku alimsuka Nyangeta mistari imepinda kama njia ya ng'ombe, mtoto akaenda nayo shule hivyo hivyo, na akirudi anasema mwalimu kaniuliza nani kakusuka, nikasema baba. Anasema kwa kujivuna.

Nilikuwa na furaha ile miezi. Sikuijua kama ni furaha, nilidhani ni shida tu za kila siku.

Halafu akaja shemeji Magoti, mdogo wake mume wangu, kutoka Butiama na gunia la mihogo. Mimi nilikuwa Bunda. Amemkuta kaka yake amechuchumaa kwenye mafiga anasonga ugali, Masatu mgongoni. Hakukaa. Ameweka gunia mlangoni, amekataa chakula, amekataa hata maji, akageuza. Kwao mtu akitoka kwako bila kunywa hata maji, jua kuna neno linakuja nyuma yake.

Likaja. Mama anawaita, njooni Jumamosi na watoto.

Mama mkwe alitupokea vizuri. Hilo sitamdhulumu. Alinikumbatia, akamchukua Masatu, akamwangalia Nyangeta akasema amekuwa mrefu. Tulikula kwanza. Ndipo akamgeukia mwanaye, kwa upole kabisa.

"Wambura, nasikia unapikaga. Mke wako amekufa lini, mimi sikuitwa kwenye msiba?"

Kwao ndivyo wanavyoona. Mwanamume akikaa kwenye mafiga na mke yuko hai, anamwitia mke huyo kifo, au basi mke amemfanyia mambo yake ya mitishamba. Nilijua atasemwa. Nilijua na mimi nitasemwa, nilishajiandaa toka kwenye gari. Nilidhani tutasemwa pamoja, tutaitikia ndiyo mama, tutarudi kwetu na kuendelea na maisha yetu.

Mume wangu akasema, "Mama, huyu Magoti hakuona vizuri. Mimi siku ile nilishikilia tu mwiko, mtoto alikuwa ameenda kuchota maji. Anayepikaga ni Nyangeta."

Nyangeta yuko darasa la tatu.

Nikasema si kweli. Nimesema kwa adabu, macho chini, lakini nimesema. "Mama, baba Nyangeta ndiye anapika, na anawalisha wajukuu zako vizuri. Hatujakosana na mtu." Magoti akaruka. "Shemeji, unamvua nguo kaka yangu mbele ya mama yake mzazi?" Nikamwangalia mume wangu aseme. Alikuwa anachorachora chini kwa kijiti.

Basi bibi akamwita mtoto. "Mjukuu wangu, ni wewe unapikaga kwenu?"

Nyangeta akamwangalia baba yake. Baba yake hakuinua kichwa. Na yule mtoto, nisimlaumu, anampenda baba yake kuliko mimi, akasema, "Ndiyo, bibi. Na ugali, na mboga."

Bibi akafurahi mpaka akapiga makofi. Akasema, kumbe nina mtu mzima hivi na mimi nateseka na miguu hii peke yangu. Mniachie huyu. Shule hata huku ipo. Na nyinyi mtapunguza tumbo moja, si mnasema mjini maisha magumu? Na wewe mama Nyangeta utarudi jikoni kwako, mtoto asikufanyie kazi yako.

Hivyo tu. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyepandisha sauti. Ningemshika mwanangu mkono niondoke naye wangesema namwiba, maana ng'ombe zao za mahari baba yangu alizipokea zote, na mtoto ni wa kwao. Aliyekuwa na uwezo wa kumrudisha ni mmoja. Ilikuwa aseme, mama, nilisema uongo, mimi ndiye napika. Basi.

Nyangeta hakulia. Aliuliza tu, "Mama, ugali wa watu wengi unaanza na maji kiasi gani?"

Hajawahi kusonga ugali maishani mwake. Hajui. Nimemweleza pale pale tukiwa tumesimama, haraka haraka, kabla bibi yake hajasikia.

Toka tumerudi mume wangu bado anapika. Ila sasa anafunga mlango. Anapikia ndani, moshi unajaa, Masatu anakohoa, na yeye anatoka macho mekundu anasema ni moshi. Siku mbili za kwanza sikwenda Bunda kwa hasira. Siku ya tatu unga ukaisha, nikaenda. Nimepita Kabasa na beseni kichwani, kila mtoto wa kike aliyekuja kununua nimemjazia zaidi. Faida imekufa.

Leo baada ya kanisa nimemuuliza. Nimejikaza nisifoke. "Baba Nyangeta, tunamfuata lini?"

Alikuwa anachambua dagaa, anatoa vichwa. Hakuacha. "Mama Nyangeta, mama yangu ni mzee. Nikisema leo kwamba nilimdanganya mbele ya Magoti, atakufa na aibu hiyo. Vumilia. Akishaondoka, nitamleta mtoto."

Akishaondoka.

Nilitaka kumpiga na ungo. Lakini nilimwangalia, jinsi alivyokonda, jinsi mikono ilivyomnuka samaki kwa ajili yetu, na hasira ikanigeukia kuwa huruma, na huruma ndiyo mbaya zaidi, maana hasira ingenipeleka Butiama. Nampenda huyu mwanamume. Anaweza yote anayoyakataa kila mwanamume wa kwao, ila kuyasema kwa mdomo wake hawezi.

Na yule mama hana ubaya. Nilipomzaa Nyangeta, alikuja akakaa kwangu, akanikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa ulezi, akawa haniachi niiname. Nilikuwa nalia maumivu na yeye ananiimbia kwa kilugha chao mpaka nasinzia. Mama yangu mzazi hakunifanyia hivyo.

Jioni hii tumekaa kula. Desturi yetu kabla ya chakula kila mmoja anaombea mtu, na sehemu ya Nyangeta ilikuwa bibi yake, Mungu amponye miguu, Mungu amzidishie miaka. Leo baba yake kaniangalia, akasema, "Basi omba wewe sehemu ya mtoto."

Nimefumba macho. Nimeanza, Ee Mungu, tunamwombea bibi wa Butiama. Hapo nikakwama. Masatu ameshasema amina mwenyewe na kuchukua tonge, na mimi bado nimefumba macho.

Nimwombee nini mama wa watu? Aishi?