Pilipili Tisa za Jumatano

Mume wangu Zakaria, Baba Moraa,

Huko uliko nadhani hakuna jiko, kwa hivyo una nafasi ya kunisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Rongai hukuliweza hata siku moja. Leo ni Jumatano na nimepika tambi za Sinyora. Nitakuambia zilivyokwenda. Lakini kwanza kuna neno langu moja ulilolikwepa miaka yote, kisha homa ikaja ikakusaidia kulikwepa kabisa.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka mtoni umebatizwa, maji bado yanakudondoka masikioni? Uliniambia, "Nyaboke, kuanzia leo sili kitu cha majini kisicho na mapezi na magamba."

Nikakuuliza, "Na Jumatano je?"

Kwa maana kila Jumatano treni ilimletea Sinyora kikapu cha kamba wa baharini kutoka Mombasa, wamelala kwenye barafu na vumbi la mbao, na wewe mpishi wake kazi yako ilikuwa kuwapika kwa tambi, krimu na pilipili, vile alivyokufundisha, kwa desturi ya kwao Italia. Ukajifuta masikio, ukasema, "Kupika nitapika. Kuonja utaonja wewe."

Basi tukagawana. Kusali tulikuwa tumeshagawana: wewe Jumamosi, mimi Jumapili. Nyumba moja ilipumzika siku mbili kwa wiki na bado tulikuwa hoi. Mimi nilifanya kazi kwenye mashine ya kutenga krimu hapo hapo shambani kwa Sinyora, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa nikifika mlango wa nyuma wa jikoni jioni na mkebe wangu. Ulikaanga kitunguu saumu kwenye siagi, ukatia kamba, na mara tu walipogeuka wekundu ukawaopoa kabla hawajawa wagumu. Tambi ulizipima kwa nyimbo za kanisa: nyimbo mbili na beti moja, ziwe laini lakini bado zina ubishi kidogo. Krimu ikishaingia, ndipo uliponigeuzia mwiko bila kunitazama, kama mtu anayerushia kuku mahindi. Nami nikionja nasema, "Chumvi," au, "Acha hapo hapo, Zakaria, usiharibu." Pilipili kichaa tatu kwa watu wanne, vikombe viwili vya krimu. Hesabu hiyo niliitafuta mimi. Si wewe wala Sinyora.

Na sifa? Sinyora alikuja akibusu vidole vyake, "Mpishi, leo safi sana!" nawe ukajibu, "Asante, Sinyora." Hilo sikulikasirikia. Uliogopa akijua huonji atatafuta mpishi mwingine, na chumba chetu cha laini, kule kwenye nyumba za wafanyakazi, kiende pamoja na kazi. Lakini kule laini, mbele ya wapishi wenzako, nani alikulazimisha? "Ulimi wangu huu," ulikuwa ukisema, ukiutoa nje waukague kama wa ng'ombe mnadani, "hauna mwenzake kutoka hapa mpaka Nakuru." Na mimi nimekaa hapo hapo, nachambua mboga!

"Siku moja unitaje," nilikuomba.

"Nitakutaja, Nyaboke. Wakati wake utafika."

Ukafika. Jumatano ile Sinyora alikuwa na wageni watatu, yeye wa nne. Ukaweka pilipili tatu kama kawaida. Nikaonja. "Bado." Ukaongeza ya nne. "Bado." Kwenye ya sita ukasimama.

"Nyaboke, macho yangu yanawasha na sufuria sijaiinamia."

"Zakaria, nani ana ulimi hapa?"

Tukaenda mpaka tisa. Nikafumba macho kwa utamu. "Sasa. Peleka."

Ukapeleka. Mara kiti kikaanguka huko mezani. Ulinisimulia baadaye kwamba bwana mmoja mwenye masharubu alimaliza maji yote ya mezani, akawa anayatazama yale ya maua. Sinyora akaingia jikoni machozi yakimbubujika.

"Mpishi! Nani onja hii?"

Na wewe, mwanamume wa miaka minne ya "Asante, Sinyora," ukaninyooshea mwiko bila hata kumeza mate. "Mke wangu, Sinyora. Yunuke Nyaboke Ombati."

Majina yote matatu! Kama karani anayesoma rejista!

Ningekujibu pale pale, ila mdomo ulikuwa umejaa. Nilikuwa nakomba sufuria. Sinyora akanitazama ninavyomaliza pilipili tisa bila jasho puani. Akatazama sufuria, akatazama tumbo langu. "Wewe," akasema polepole, "mwezi ngapi?"

Mimi niliyejua kila kikombe kilichotoka kwenye mashine ile, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nikarudia. Miezi mitatu ilikuwa imenipita. Wewe ukaanguka juu ya gunia la unga na kofia yako nyeupe, ukasema, "Bwana asifiwe," na haikuwa Jumamosi. Sinyora alicheka mpaka akashika meza. Akawapelekea wageni mkate na maziwa, na Jumatano iliyofuata nikakuta ameniwekea kiti kando ya jiko.

"Yeye onja," akakuambia. "Lakini wewe weka tatu tu."

Kiti kile nilikitaka sana, Zakaria. Ila nilikitaka kutoka kwako.

Sasa nina hoteli hapa Bondeni, Nakuru, meza nne na benchi nane, na sikupewa hata kijiko na mtu. Moraa ametimiza miaka sita na anatafuna pilipili kama njugu. Tangu uende nimepika githeri, chai na mandazi tu. Tambi sikugusa. Leo asubuhi mtu wa treni akaniuzia kikapu cha kamba waliokosa mwenyewe, nikasema basi. Wateja wangu, mafundi wa reli, wakakodoa macho.

"Mama Moraa, hiki kidudu kinaniangalia."

"Nawe kiangalie. Tuone nani atachoka kwanza."

Tambi nilizipima kwa nyimbo zako, ambazo kanisani kwetu hatuziimbi. Krimu ilipoingia nikasimama nikingoja kugeuziwa mwiko. Mwisho nikaonja mwenyewe. Tatu, Zakaria. Zilitosha.

Wakala mpaka sahani zikang'aa. Yule wa kidudu akauliza kwa sauti, "Jamani, haya mapishi ni ya nani?"

Watu kumi na wawili wananitazama, mwiko mkononi mwangu, sifa yote iko mezani na hakuna wa kuninyang'anya. Nikafungua mdomo.

"Ya mume wangu," nikasema. "Zakaria Mokaya Nyakundi."

Yote matatu. Na ni mara moja tu, usizoee.

Mkeo,
mwenye ulimi